Goma: Meza ya watu 12 kwa franka 28,000

Katika nyumba moja ya mbao mtaani Majengo, wilaya ya Karisimbi, chakula cha jioni kilikuwa kinaliwa kwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikaa mezani: baba, mama na watoto wao 4. Kundi la pili lilikaa mlangoni: mdogo wa yule mama, aliyekimbia vita kutoka Sake, pamoja na watoto wake 5. Walikalia bido za maji za njano, sahani juu ya magoti, na mvua ikinyesha walivuta miguu ndani.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Familia hiyo ilifika mwezi wa Pili 2024, mabomu yalipoanza kuanguka Sake na barabara ya kuja Goma ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Ni karibu kilometa 25, na waliitembea kwa mguu. Usiku wa kwanza walikula mlangoni kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa kimejaa mizigo. Usiku wa pili ikawa vilevile. Meza yenyewe ilikuwa ndogo, na wenyeji 6 tayari walikuwa wanabanana. Baada ya wiki chache kila mtu alikuwa anajua mahali pake, na hakuna aliyeuliza tena.

Aliyesema neno ni mtoto wa miaka 6. Mwezi wa Sita, alipokuwa anacheza nje na mtoto wa jirani, aliulizwa kama ile ni nyumba ya kwao. Akajibu bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja jina la mtaa wake: "Hapana. Sisi ni watu wa mlangoni. Wenye nyumba ni wale wa mezani."

Mama mwenye nyumba alikuwa karibu, anachambua sambaza alizonunua asubuhi soko la Kituku ili aziuze kwa vipimo vidogo mtaani. Alisikia kila neno. Jioni ile hakuweza kumaliza bugali lake.

Kilichomchoma si maneno ya mtoto peke yake. Ni kumbukumbu ya 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei mwaka ule, na tarehe 27 Mei, alfajiri, mkuu wa jimbo Constant Ndima alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mji wa Goma inapaswa kuhamwa. Majengo ilikuwa kati ya mitaa iliyotajwa. Watu wengi walikimbilia Sake, na familia hii ilikuwa kati yao. Walipokelewa na nani? Na mdogo wake huyuhuyu, ambaye leo anakula mlangoni. Kule Sake walikaa zaidi ya wiki moja, na siku zote walikula kwenye meza moja na wenyeji wao. Mume wake alipewa kiti chenye mgongo, kile cha baba wa nyumba. Watoto walipewa sombe na viazi kabla ya watoto wa nyumba.

Usiku, watoto walipolala, alimwambia mume wake kwamba anataka kutengeneza mahali pa kulia, pazuri, pa kuwatosha watu wote. Mume hakufurahi.

"Unataka kupamba nyumba ya mbao?" aliuliza. "Pesa ikipatikana tununue unga. Na hawa watarudi kwao, Mungu akipenda. Meza kubwa tutaifanyia nini?"

Mke hakubishana sana. Alimuuliza tu: "Baba watoto, kule Sake ulikalia nini?"

Mume alinyamaza. Asubuhi alionekana nyuma ya nyumba akivuta mlango wa zamani wa mbao, ambao alikuwa ameubadilisha kwa mlango wa bati. Aliupiga vumbi, akaupima kwa hatua, akauegemeza ukutani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa meza.

Tatizo la pili lilitoka kwa mgeni mwenyewe. Alipoelezwa mpango, alikataa. "Yaya, usijisumbue. Sisi tunapita tu." Dada yake alipozidi kumsihi, alikubali kwa sharti moja: naye atatoa pesa. Alikuwa anafulia watu nguo, na alikuwa ameweka franka 10,000 kwenye kitambaa. "Benchi nikilinunua na mimi," alisema, "sitalikalia kama mgeni." Mama mwenye nyumba aliongeza franka 18,000 kutoka faida ya sambaza. Jumla ikawa 28,000, karibu dola 10 kwa bei ya wakati ule.

Pesa hiyo ilitumika hivi. Mbao mbili ndefu za mikaratusi zilichukua 12,000. Nguo ya plastiki yenye maua ya kufunika meza, metre 3, ilichukua 7,500. Sahani 4 za plastiki zilikuwa 4,000, kwa sababu nyumbani kulikuwa na sahani 8 tu. Misumari ilikuwa 2,000. Mifuko 4 mitupu ya unga wa ngano, kutoka kwa mama anayeuza maandazi, ilikuwa 2,000. Kamba ilikuwa 500. Vipande vya kitenge fundi wa nguo wa kona aliwapa bure, kwa sababu yeye huvifagia na kuvitupa.

Na miguu ya meza? Hapo Goma haina shida. Mtaa mzima umelala juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yanayokata viatu. Watoto wa familia zote mbili waliyakusanya asubuhi moja. Mume aliyapanga kwa marundo, jiwe pana chini, dogo juu, akavunja ncha kali kwa nyundo. Makoro yana faida moja: hayatelezi, jiwe linashika jiwe. Kila benchi lilikaa juu ya marundo matatu, na chini ya kila ubao alipigilia vijiti viwili ili usikimbie mtoto akiruka juu yake. Urefu wa benchi walipima kwa mtoto wa miaka 8: akikaa, nyayo ziguse chini. Mlango wa zamani uliwekwa sambamba na ile meza ndogo, kimo kimoja, na nguo ya plastiki ikafunika vyote viwili. Mtu akiingia haoni kama ni meza na mlango. Anaona meza moja ndefu.

Ukuta ndio uliwapa kazi. Mbao zilikuwa nyeusi kwa moshi wa mbabula, na upepo ulipita katikati yake. Wanawake wawili walifua ile mifuko ya unga kwa sabuni na jivu mpaka maandishi yakafifia, wakaishona pamoja kwa mkono, kisha wakazungusha vipande vya kitenge pembeni. Ilitoka nguo kubwa nyeupe yenye ukingo wa rangi nyingi. Mume alichukua nyundo aipigilie ukutani.

"Shemeji, usipigilie," mgeni alisema.

Alidhani anatania. Lakini mama yule alishika nguo kwa mikono miwili, hakuiachia. "Ukipigilia msumari, ni kama umenipa kiwanja huku. Nyumba yangu iko Sake. Mimi nitarudi."

Chumba kilikuwa kimya. Mtoto mmoja aliacha kutafuna. Mume aliangalia nyundo, akaiangalia nguo, akaweka nyundo chini. Alichukua kamba, akaifunga kutoka nguzo hadi nguzo karibu na bati, na nguo ikaning'inizwa kama pazia. Ilifunika ukuta uleule, na upepo ulipungua uleule. Tofauti ni kwamba inafunguliwa kwa fundo moja na kukunjwa kwa dakika mbili.

Tangu hapo jambo hilo likawa kanuni ya mahali pale: kila kitu cha mgeni lazima kiweze kubebwa. Nguo ya ukuta inakunjwa. Sahani zinaingia katika ndoo. Kopo la maziwa ya unga, lililovikwa kitenge, linabeba vijiko, na lina mpini wa kamba. Ubao wa benchi mtu anaweza kuutia begani. Makoro yatabaki, maana makoro hayahitaji kubebwa kutoka Goma. Sake nako yapo.

Jioni ya kwanza watu 12 walikaa pamoja. Kulikuwa na bugali, lengalenga na sambaza zilizobaki sokoni. Watoto wa Sake walisimama kwanza karibu na mlango, kama walivyozoea, wakingoja. Mama mwenye nyumba hakuwaita kwa jina. Aligonga ubao wa benchi kwa kiganja na kusema, "Huku kunapoa." Wakaja. Yule wa miaka 6 alikaa katikati ya binamu zake wawili, na kabla ya chakula kuisha alikuwa amegombana na mmoja wao juu ya kichwa cha samaki. Mama yake alitaka kumkemea. Dada yake alimzuia kwa mkono. Kwa miezi minne mtoto yule hakuwa amegombana na mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Si kwamba meza ilimaliza matatizo. Siku nyingine bugali linakuwa dogo kuliko sahani, na meza ndefu inaonyesha wazi kwamba chakula hakitoshi. Zamani kila kundi lilificha upungufu wake. Sasa watu 12 wanauona pamoja. Mume amewahi kusema kwamba franka 28,000 zingenunua unga wa siku kadhaa. Ni kweli. Mke anamjibu kwamba unga ule ungekuwa umeshaisha. Hiyo nayo ni kweli, na wote wawili wanaliacha neno hapo. Mume wa mgeni yuko kisiwani Idjwi akifanya kibarua katika mashamba ya kahawa, na pesa yake hufika inapofika.

Majirani wameanza kuja kuangalia. Wanaotaka kuiga wanaambiwa mambo machache. Kabla ya kununua ubao, pima chumba, na uache nafasi ya mtu kupita nyuma ya benchi. Tumia kwanza kilicho nyuma ya nyumba: mlango, kreti ya chupa, kipande cha tripleksi. Mifuko ya unga ifuliwe vizuri sana na kukaushwa juani, la sivyo itaita panya. Mbabula ikae mbali na nguo na plastiki, kwa sababu nyumba ya mbao ikishika moto, moto unapita mpaka kwa jirani. Na kama kuna wageni waliokimbia vita, wao waulizwe kwanza wanataka mahali pale pakaeje.

Masomo yalipoanza tena mwezi wa Tisa, meza ilipata kazi ya pili. Baada ya kula, watoto wanaipangusa na kutoa madaftari. Kuna taa moja ndogo ya sola. Mwanzoni mtu aliishika kwa mkono, mkono ukichoka anampa mwingine, na kila mara kivuli kikahamia daftari la mtu. Mume alisema taa inahitaji kutundikwa juu ya meza, kwenye nguzo ya katikati, lakini hakugusa nyundo. Alikumbuka.

Jioni moja mgeni aliinuka mwenyewe. Aliomba msumari. Kisha akatafuta uani kizibo cha chupa ya soda, akakitoboa, akapitisha msumari ndani yake. Ni njia ambayo wakimbizi wote wanaijua: ndivyo bashi linavyoshikizwa kwenye miti ya kambi ili lisipasuke kwa upepo. Alisimama juu ya benchi, akapigilia kwenye nguzo, mapigo matatu, hakuufikisha mwisho. Akatundika taa.

Dada yake alikuwa anamtazama bila kusema kitu.

"Wenye kizibo haung'oki kwa shida, yaya," alisema akishuka. "Siku ya kurudi nitauvuta."

Kisha akamwambia mwanawe afungue ukurasa wa hesabu.