Baada ya Mchujo wa Sakhir

Maskati, Ijumaa 18 Machi 2022

Msimu wa Formula One umefunguliwa. Leo mazoezi huko Sakhir, Bahrain, kesho mchujo wa kupanga nafasi, Jumapili mbio zenyewe. Magari yote ni mapya. Kanuni hizi zilikuwa zianze mwaka jana, korona ikazisogeza. Sasa nguvu ya kulikandamiza gari chini inatoka zaidi kwenye sakafu, kwa njia za hewa zilizochongwa chini ya gari, badala ya kutegemea sana mabawa na vipande vya juu. Wanataka gari la nyuma liweze kulisogelea la mbele bila kuyumbishwa na hewa iliyovurugwa. Magurudumu yametoka inchi 13 yamefika 18, na gari jepesi kabisa linaloruhusiwa ni la kilo 798.

Kwenye majaribio ya Barcelona mwezi uliopita magari yalikuwa yakidunda kwenye njia nyoofu hadi kofia za madereva zinatikisika. Sakafu ikivutwa chini mno hewa inakatika, gari linapanda, hewa inarudi, linavutwa tena. Mercedes ni miongoni mwa walioonekana kuteseka.

Verstappen wa Red Bull, bingwa wa dunia, kaongoza kipindi cha pili cha mazoezi leo. Shemeji kanipigia kusema Mercedes wanaficha makali. Siku za majaribio makali yanafichika kweli: timu inajaza mafuta, inapunguza nguvu za injini, inatoa muda wa uongo na hakuna wa kuihukumu. Mchujo wa kwanza wa mwaka ndio saa ya kwanza ya kusema kweli, kwa sababu anayeficha kesho ataanza nyuma keshokutwa. Ndiyo maana naupenda kuliko michujo yote itakayofuata.

Jumamosi 19 Machi, usiku

Leclerc wa Ferrari ndiye wa kwanza! Dakika 1 na sekunde 30.558. Verstappen wa pili kwa 0.123, Sainz wa tatu kwa 0.129. Nimekokotoa nilipofika nyumbani: kwa mwendo ule, wastani wa kilomita 215 kwa saa, 0.123 ya sekunde ni mita saba na kidogo. Kiwanja kina kilomita 5.412 na kona 15, na bingwa wa dunia amekosa mita saba.

Tulikusanyika kwa ami baada ya Magharibi. Mchujo ulianza saa moja usiku kwetu, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Bahrain, ambazo ni zile zile za Mombasa, kwa hiyo kila kipindi kikiisha simu ya binamu wa Mombasa inaita. Yeye ni wa Verstappen, na tangu ubingwa wa Desemba hazungumziki. Shemeji ni wa Mercedes. Mimi ni wa Ferrari, na kwa miaka hii ya karibuni kuwa wa Ferrari kumetaka subira. Dereva wao wa mwisho kuwa bingwa ni Räikkönen, 2007. Ushindi wa mwisho wa mbio ni Singapore, 2019.

Kipindi cha tatu kilipokwisha mimi nilisimama, binamu akakata simu, na shemeji akabaki anaitazama orodha. Yeye ni fundi wa gereji na orodha huisoma kuanzia chini. Akasema, "Njoo uone, shemeji. Usisome majina. Soma injini."

Nikasoma. Injini ya Ferrari iko kwenye magari sita tu: yao wenyewe mawili, ya Haas mawili na ya Alfa Romeo mawili. Leclerc wa 1, Sainz wa 3, Bottas na Alfa Romeo wa 6, Magnussen na Haas wa 7. Manne kati ya saba ya mwanzo! Kisha akanishusha kwenye injini ya Mercedes. Hamilton wa 5, sekunde 0.680 nyuma ya Leclerc. Russell wa 9. Halafu hakuna, hakuna, mpaka Norris wa 13, Albon wa 14, Hülkenberg wa 17, Ricciardo wa 18, Stroll wa 19, Latifi wa 20. Magari sita ya wateja wa Mercedes, yote nusu ya chini. Timu iliyochukua ubingwa wa waundaji miaka minane mfululizo, 2014 hadi 2021!

Shemeji hakusema tena habari ya kuficha. Alisema inawezekana si injini peke yake, kwa sababu gari linalodunda lazima linyanyuliwe, na likinyanyuliwa sakafu haifanyi kazi yake, kwa hiyo hata injini nzuri itaonekana mbovu. Hilo nalikubali kwa Mercedes wenyewe. Lakini McLaren, Williams na Aston Martin ni magari matatu yaliyochorwa na watu tofauti, na yamekwama mahali pamoja. Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2020 FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ilitangaza kuwa imefikia makubaliano na Ferrari juu ya injini yao ya 2019, yaliyomo yakabaki siri, na mwaka ule Ferrari wakamaliza wa sita, na Haas na Alfa Romeo wakazama pamoja nao. Walizama pamoja na leo wameibuka pamoja. Kwangu hilo lina uzito kuliko zile mita saba.

Magnussen amenigusa sana. Hakuwa na kiti cha Formula One tangu mwisho wa 2020. Vita vya Ukraine vilipoanza, Haas waliachana na dereva wao Mazepin na mdhamini wake wa Urusi, wakampigia Magnussen simu siku chache kabla ya majaribio ya mwisho. Leo gari limemsumbua kwenye kipindi cha tatu na bado ameshika nafasi ya saba. Haas mwaka jana hawakupata hata pointi moja. Gari la 2021 waliliacha bila kuliendeleza, fedha na akili zote wakaziweka kwenye hili. Walichekwa mwaka mzima. Nafurahi kwa ajili yao kana kwamba ni timu yangu.

Binamu alipopiga tena alikuja na jipya. FIA leo hii, siku ya mchujo, wametoa ripoti ya mbio za Abu Dhabi za Desemba, zilizomnyima Hamilton ubingwa na kumpa Verstappen: kuruhusu magari matano tu yaliyozidiwa mzunguko yapite kabla ya mzunguko wa mwisho kulikuwa kosa la kibinadamu, na msimamizi wa mbio alitenda kwa nia njema, na matokeo yanabaki. Shemeji akanyamaza kwa uchungu. Binamu akaanza kusema limekwisha, tusahau. Hapo nilimjibu kwa ukali kidogo na sijutii. Verstappen ni dereva mkubwa na hahitaji tusahau chochote ili awe mkubwa. Aliyeonewa ni Hamilton, na mtu anaweza kusema hivyo akiwa shabiki wa timu yoyote.

Ami alitusikiliza wote, kisha akasema maneno ninayotaka kuyahifadhi. Ujana wake aliupitisha Kenya, na mbio kwake ni Safari Rally ya Pasaka. Alisema, "Mwanangu, mnabishana nani ana mbio. Sisi tulikuwa tunauliza nani atafika." Akanihadithia tena ile ya 1973, Shekhar Mehta na Datsun 240Z, na Harry Källström na Datsun nyingine: baada ya maelfu ya kilomita za tope na mawe walifungana kwa adhabu sawasawa, ikabidi mshindi atafutwe kwa kanuni, akapewa Mehta. "Wengi walioondoka kwa kasi kuliko wao," akasema, "magari yao yalibaki porini."

Nilimwambia Sakhir ni lami na taa, si porini. Lakini ukweli ni kwamba ameigusa hofu yangu. Mahali hapa hapa, 31 Machi 2019, Leclerc alikuwa na miaka 21, mbio zake za pili tu na Ferrari. Alianza wa kwanza, akapitwa, akawarudia wote, akaongoza kwa raha. Ikabaki robo ya mwisho hivi, silinda moja ikagoma. Hamilton akampita, Bottas akampita, na kama si gari la usalama kutoka mwishoni hata nafasi ya tatu angeipoteza. Nakumbuka sauti yake kwenye redio. Kuwa wa kwanza kwenye mchujo wa Sakhir alikwisha kuwa. Kufika hajafika.

Jumapili 20 Machi, mchana

Kazini. Nimeandika haya wakati wa mapumziko.

Kitu kimoja tulikisahau jana kwa kelele: matairi. Lami ya Sakhir ni ya kukwaruza. Mawe yake yaliletwa kutoka Uingereza. Halafu upepo unaleta mchanga wa jangwani juu yake. Pirelli wamepeleka matairi yao magumu zaidi matatu na bado yatakwisha haraka. Na kanuni imebadilika: mwaka jana waliofika kumi bora walilazimika kuanza mbio na tairi walizotumia kipindi cha pili cha mchujo, mwaka huu kila mmoja anachagua. Kwa hiyo wote wa mbele wataanza na laini, na hesabu itakuwa ni nani anaingia piti kwanza. Anayeingia kwanza anapata tairi mpya, na hapa tairi mpya ni sekunde nzima nzima. Kama ningekuwa upande wa Red Bull ningemwita Verstappen mapema.

Usiku

Amefika!

Mkono bado unatetemeka. Red Bull walifanya hivyo hivyo, walimwingiza Verstappen piti mapema, na Leclerc alipotoka walikuwa karibu kugusana. Mzunguko wa 17 Verstappen akampita kona ya kwanza, Leclerc akaichukua tena kona ya nne. Wa 18, vile vile. Wa 19, Verstappen akaingia tena kona ya kwanza, safari hii tairi zikafunga na moshi ukatoka, Leclerc akarudi mbele pale pale. Ami alikuwa amesimama. Baada ya mbio Leclerc amesema alikuwa akifunga breki mapema makusudi kona ya kwanza, ili awe nyuma kidogo na apate ruhusa ya kufungua bawa la nyuma kuelekea kona ya nne. Yaani alikubali kupitwa ili apite, kwa mwendo wa kilomita mia tatu, na bingwa wa dunia kando yake. Hata kama angeshindwa leo, mizunguko ile mitatu ningeihifadhi.

Na magari yaliweza kufuatana! Mwaka jana pigano kama lile lingekwisha kwenye kona mbili, tairi za nyuma zimechemka. Kanuni zimefanya lililokusudiwa, angalau kwa kiwanja hiki.

Kisha gari la Gasly likashika moto, gari la usalama likatoka, na moyo wangu ukarudi 2019. Mbio zilipoachiliwa Leclerc akaondoka vizuri. Verstappen alikuwa akilalamika usukani mzito. Mizunguko mitatu hivi ikibaki gari lake likaishiwa nguvu, akaingia piti, akashuka. Mzunguko wa mwisho Pérez naye injini ikazimika kona ya kwanza, gari likazunguka. Mafuta hayakuwa yakifika kwenye injini. Red Bull wote wawili nje. Leclerc, Sainz, Hamilton. Ferrari wa kwanza na wa pili kwa mara ya kwanza tangu Singapore 2019, Magnussen wa tano, na Zhou Guanyu, Mchina wa kwanza kuendesha mbio hizi, wa kumi na pointi moja siku yake ya kwanza.

Binamu alipiga mwenyewe kunipongeza. Nilimpa pole ya kweli, kwa sababu lile najua linavyouma. Ami aliuliza tu, "Na lenu limefika?" Nikamwambia yote mawili, ami.

Jumanne 22 Machi

Hesabu: Ferrari 44, Mercedes 27, Haas 10, Red Bull sifuri. Mercedes, kwa gari lililo nyuma kwa sekunde 0.680 kwenye mchujo, wamevuna nafasi ya tatu na ya nne. Shemeji anazunguka na hilo tangu juzi na ana haki. Hamilton hakukosea popote.

Tumebishana kwa simu leo kuhusu Jeddah, Jumapili hii. Binamu anasema Sakhir ilikuwa bahati. Sikubali, kwa sababu kabla gari la Verstappen halijaharibika Leclerc alikuwa mbele yake kwa uwezo wake, na tairi zake zilitunzwa vizuri zaidi. Lakini kuna jambo nimeliona nilipozitazama mbio mara ya pili na nimemwambia: kwenye njia nyoofu Red Bull ina kasi kuliko Ferrari. Nguvu ya Ferrari iko kwenye kutoka kona za polepole, na Sakhir imejaa kona hizo. Jeddah ni kilomita 6.174 za kukimbia kando ya kuta, kona 27 ambazo nyingi hawaachi hata gesi. Kama mafuta yatafika kwenye injini yake, namweka Verstappen mbele ya Leclerc Jumapili, kwa sekunde chache sana. Shemeji ameniuliza kama naandika hayo nikiwa mzima. Mzima kabisa. Mchujo wao ni Jumamosi na safari hii tunatazama kwangu.