Frasila Niliyoiacha Barazani

Tairi la akiba la gari langu, pamoja na rimu yake, lina uzito wa kilo 16. Nimelipima kwa mizani ya jirani yangu anayeuza mahindi, na kilichonituma kulipima hakikuwa udadisi bali aibu. Kilo 16 ni kama frasila moja, kipimo ambacho misafara ya karne ya 19 ilikitumia kugawa mizigo baina ya Bagamoyo na Tabora. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake, akatembea nazo kwa miezi. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba. Mimi, mjukuu wa wapagazi, nikiwa na injini ya kunibebea kila kitu, niliona frasila moja ni nzito mno. Nikaiacha barazani.

Ilikuwa mwezi Julai, mwaka juzi. Nilikuwa nakwenda Tabora kumchukua mama ili nimlete Dodoma, ambako alikuwa na miadi ya kliniki ya moyo saa mbili asubuhi ya siku ya tatu. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mkono wa pili kama yalivyo mengi ya watumishi wa umma wa kiwango changu. Nilitaka kumpelekea mama jiko la gesi na mtungi wake wa kilo 15, maboksi mawili ya vitabu kwa ajili ya watoto wa dada yangu, na godoro. Nilipanga, nikapangua, nikapanga tena. Mlango wa buti ukakataa kufunga. Ndipo nilipoinua zulia, nikalitoa tairi la akiba, na kwa kuwa jeki bila tairi haina kazi, jeki na spana ya magurudumu vikafuata. Mlango ukafunga kwa mlio wa kuridhisha. Nakiri nilijiona mwerevu.

Kwenda sikupata tatizo. Tabora ilinipokea kama inavyopokea watoto wake wote: vumbi jekundu, miembe iliyoanza kuchanua, na swali la kwanza la kila mzee kuhusu lini nitajenga. Mama alilipokea jiko la gesi kwa shukrani nyingi, akaliweka sebuleni juu ya meza na kulifunika kitambaa. (Hadi leo anapikia mkaa. Wanaopanga sera za nishati safi wangefika kwake wangejifunza jambo.) Nafasi iliyoachwa na jiko ikajazwa mara moja: gunia la mchele, debe la karanga, madumu mawili ya asali ya Sikonge, kuku wawili waliofungwa miguu, na fuko la viazi vitamu vilivyokaushwa. Tuliondoka saa nane mchana, tumechelewa kwa sababu ya kuaga.

Anayeifahamu njia hiyo anajua kwamba baada ya Tura na Nyahua makazi hupungua, na miombo hufunga pande zote mbili hadi Chaya, kisha Itigi. Watu wa misafara waliliita eneo hilo Mgunda Mkali. Lilikuwa kavu, na ilibidi msafara ujikusanyie chakula kabla ya kuingia, kwa sababu ndani hapakuwa na wa kukuuzia. Siku hizi pana lami nzuri, nasi tuna mazoea ya kuamini kwamba lami imefuta jiografia. Gurudumu la nyuma, upande wa mama, lilipasua imani hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa linakaribia kuzama. Simu haikuwa na mtandao.

Mama hakushtuka. Alishuka, akajifunga khanga ya pili mabegani, akaniambia kwa upole wa mtu aliyelea watoto sita: "Basi toa tairi jingine, mwanangu, mimi nitakumulikia."

Nilifungua buti. Nilishusha gunia, debe, madumu, kuku, fuko. Nilivipanga vyote kandokando ya barabara, kimoja baada ya kingine, huku nikijua kabisa kwamba chini ya zulia hapana kitu. Nilikuwa nanunua muda. Nilipoinua zulia mbele ya mwanga wa tochi ya mama na shimo likaonekana tupu, nilisema sentensi ambayo tangu hapo sijaacha kuisikia:

"Watakuwa wameliiba wale vijana wanaoosha magari."

Mama alimulika shimo kwa muda. Kisha akazima tochi ili kutunza betri, akaketi juu ya gunia la mchele.

Tulikaa saa tatu. Julai ya kule ina baridi ambayo mtu wa pwani haamini. Magari machache yalipita kwa kasi, na siwalaumu wenyewe, kwani mwanamume anayepunga mkono gizani msituni si picha ya kumfanya mtu asimame. Katika saa hizo niliwaza mambo mengi yasiyokuwa na faida. Niliwaza kwamba sehemu kubwa ya lugha yetu ya kiofisi imepita kwenye njia ile ile mabegani mwa watu. Posho ilikuwa mgao wa mpagazi wa kumfikisha kesho, nasi leo tunaitia sahihi kwenye semina za hotelini. Mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watawala wa nchi ili upite, hasa Ugogo, nayo ililipwa mchana kweupe, baada ya majadiliano marefu. Kituo ni mahali ambapo mzigo hutuliwa. Mimi nilikuwa nimeutua wangu wote kwenye changarawe, na kituo chenyewe hakikuwapo.

Lakini jambo moja zaidi lilinikaa, ambalo lina maana kwa mtu anayefungasha gari. Mzigo wa msafara ulifungwa ili uweze kutuliwa na kuinuliwa na mtu mmoja bila kugusa wa mwenzake. Hapakuwa na kitu kinachohitajika kwa dharura kilichozikwa chini ya vingine. Mimi, hata kama ningekuwa nalo tairi, nilikuwa nimelizika chini ya asali na kuku.

Lori lililosimama lilikuwa linatoka Kigoma. Dereva alikuwa mtu mzima, na utingo wake kijana. Alipomsalimia mama na kusikia lafudhi yake, uso ukamkunjuka: yeye ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo hizo za misafara.

"Hamjambo wabeba mizigo!" akasema. "Yaani bibi, mmebeba mpaka kuku, mmesahau mguu wa gari?"

"Ndiyo maana nilikuwa nakungoja wewe," mama akajibu. "Mtumwa wangu umechelewa, ulikuwa wapi?"

Walicheka kwa sauti iliyoamsha kuku. Jeki ya lori ilikuwa ndefu mno, haikuingia chini ya gari langu. Tulilisukuma gari nusu mzunguko mpaka msumari ukaonekana juu ya tairi. Utingo akaung'oa, akasokomeza kipande cha mpira chenye gundi kwenye tundu, kisha dereva akachomoa mpira wa upepo kutoka kwenye tangi la breki za lori na kulijaza tairi. Kazi nzima haikuzidi dakika ishirini. Alikataa fedha. Alikubali dumu moja la asali, kwa madai kwamba ni kodi ya utani.

"Na tairi lako la akiba liko wapi, mwalimu?" akauliza wakati wa kuagana.

"Limeibwa," nikasema. Mara ya pili ilikuja kwa wepesi zaidi.

Tulifika Dodoma karibu na alfajiri. Kliniki mama alifika kwa wakati, lakini presha yake ilikuwa juu kiasi cha kulazwa siku mbili. Daktari aliuliza kama alikuwa amelala vizuri usiku uliotangulia. Mama alijibu kwamba alilala vizuri sana. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Siku aliyoruhusiwa ndipo alipofika nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza katika safari ile. Tairi lilikuwa barazani, nilikoliacha, na mwanangu wa mwisho amelikalia. Nilikuwa nimelisahau. Mama alilitazama, akamwomba mjukuu wake ainuke, akaketi yeye juu yake na kuvua viatu taratibu.

"Wale vijana wa kuosha magari," akasema, "ni waungwana. Wamelirudisha."

Hakuongeza neno, si siku ile wala baadaye.

Mimi nafundisha somo la utawala na uwajibikaji. Kila mwaka nasahihisha insha za wanafunzi zinazoeleza, kwa nadharia nzito, jinsi lawama inavyoshuka ngazi hadi imkute asiye na pa kuishushia: mhudumu, mlinzi, dereva, karani. Nimewahi kuwatania kwamba mifano yao ni ya kubuni mno. Nami, gizani, bila kushinikizwa na mtu, niliwabebesha wizi vijana ambao huniamkia "shikamoo" kila Jumamosi. Sikuwa na cheo cha kulinda. Nilikuwa na sura tu, mbele ya mama yangu.

Na namna tairi lilivyotolewa haina tofauti na tunavyofanya kwenye bajeti. Nafasi ikibana, wa kwanza kushushwa ni yule asiyefanya kazi leo. Fungu la matengenezo, jenereta ya kituo cha afya, ghala la nafaka: vyote havina mtetezi katika mwaka wa neema. Hata kwenye Katiba tulikuwa na tairi ambalo wengi wetu vijiweni tulilifanyia mzaha. Mpangilio wa mgombea mwenza, ulioanza na uchaguzi wa 1995, tuliuona pambo. Kisha ikaja usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais akalitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli, na tarehe 19 akaapishwa kushika nafasi hiyo kwa mujibu wa Ibara ya 37(5). Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mwendo wa gari tangu hapo, nami ninayo yangu, lakini usiku ule hatukuanza kuulizana njiani nani ana jeki.

Nirudi kwenye buti, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wana magari kama langu na safari kama zangu. Shimo la magari mengi haya limetengenezwa kwa tairi jembamba la muda, lile lisiloruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, ambalo kwa umbali wetu ni faraja ndogo. Mengine huja na chupa ya dawa na pampu tu. Nilipoweka tairi kamili, lilichomoza vidole vinne juu ya sakafu, na ndiyo sababu lilikuwa linanikera. Fundi mmoja wa Tabora, seremala kwa kweli, alinitatulia. Aliligeuza tairi ili upande wenye bonde utazame juu. Ndani ya bonde hilo akalaza jeki na spana, zimezongwa kitenge cha zamani zisigongane, akapitisha bolti ndefu katikati na kuikaza juu ya kibao, kwa sababu jeki isiyofungwa huruka kama jiwe gari linapogonga. Kwenye pembe zinazobaki kando ya tairi tukaweka kamba ya kuvutia, glavu, tochi na pampu ndogo. Juu yake akalaza ubao mwepesi unaokaa sawasawa na kizingiti cha mlango, akaukata katikati na kuutia bawaba, hivyo nusu ya nyuma hufunguka peke yake. Nimepoteza vidole vinne vya kimo, nikapata sakafu tambarare isiyoyumbisha madumu. Kwa hesabu zangu, gunia linaingia kama lilivyokuwa linaingia kabla.

Sharti la seremala lilikuwa moja: vizito vyote visukumwe mbele, viegemee kiti cha abiria, na juu ya nusu inayofunguka pakae tu kile ambacho mtu mmoja anaweza kukiinua kwa mara moja. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema ni akili tu.

Wale vijana wa kuosha magari niliwaomba radhi. Hawakuelewa ninaombea nini, kwa kuwa hawakuwahi kujua wametuhumiwa, na mmoja alidhani najiandaa kupunguza malipo.

Desemba iliyopita nilimrudisha mama Tabora baada ya kliniki nyingine. Nilikuwa nimepakia tangu usiku, nimejiridhisha. Kabla ya kupanda, alizunguka nyuma ya gari na kugonga sakafu ya buti kwa kifundo cha kidole.

"Lipo?"

Nikaondoa mkoba wake, nikainua nusu ya ubao, nikamwonyesha. Akainama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, pande mbili.

"Lina upepo?"

Sikuwa nimelipima tangu Septemba. Tulianzia kwa fundi pancha, naye mama akangoja garini, mkoba magotini, wakati kijana akihangaika kulegeza bolti niliyoikaza kupita kiasi.