Prodyusa, Umewahi Kusikia Fidla Bila Spika?

Wasee wa biti, niwaulize kitu. Zile fidla unazobonyeza kwenye kibodi ya laptopu, umewahi kuzisikia zikipigwa na mtu, mbele yako, bila spika yoyote? Mimi niliuliza marafiki watano wanaotengeneza muziki hapa Nairobi. Mmoja tu ndiye alisema ndio, tena kwa sababu alikuwa ameitwa kupanga viti.

Okestra kwa kawaida haitumii maikrofoni. Obo inatoa noti moja, wengine wote wanarekebisha ala zao kuifuata, kisha kondakta anainua mkono (si yule wa matatu, tulia). Hapo ndipo unagundua fidla kumi zikipiga noti moja si fidla moja iliyoongezwa sauti. Kila mkono una tofauti yake ndogo, na hiyo tofauti ndiyo inafanya sauti iwe nene. Programu inaiga hiyo kitu. Lakini kama sikio lako halijawahi kukutana na yenyewe, utajuaje imeigwa vizuri?

Chukua Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808. Sehemu ya kwanza karibu yote imejengwa kwa noti nne: tatu fupi, moja ndefu. Sisi tukipata noti nne kali tunakopi na kubandika mpaka wimbo uishe. Yeye anazigeuza, anazishusha, anawapa hawa, anawanyang'anya wale. Prodyusa akikaa pale nusu saa anatoka na kazi ya mwezi mzima.

Na usiniambie ati huo ni muziki wa watu wa Karen. Korogocho, kando ya jaa la Dandora, Ghetto Classics wamekuwa wakifundisha watoto tangu 2008. Vipaji viko. Shida ni mlango. Tiketi inakula nauli yako ya wiki, na ukifika ndani unaangaliwa. Rafiki yangu alipiga makofi sehemu ya kwanza ilipoisha, mama mmoja akageuka na kumtazama kama amemwaga chai kwenye zulia. Hajarudi tena. Hiyo ndiyo inaniudhi kabisa, maana mwaka 1778 huko Paris watu walimpigia Mozart makofi katikati ya muziki, na yeye mwenyewe akamwandikia babake akiwa amefurahi!

Kwa hivyo wanaoandaa matamasha, fungueni mazoezi ya mwisho. Ukumbi tayari mmelipia, wanamuziki wako hapo, viti ni vitupu. Waiteni madogo wa mtaani wanaotengeneza biti, waketi mbele, warekodi dakika tano na simu zao. Wakipiga makofi mahali si pake, endeleeni tu kupiga.

Na wewe prodyusa, ukialikwa, acha hedifoni nyumbani. Keti upande wa besi kubwa, uvue viatu kama sakafu ni ya mbao.