Kutembea Pamoja



Wazee wetu wa Ubena hawakuhitaji kufundishwa kutembea. Walikwenda kwa miguu shambani, mnadani na kanisani; na misheni ya Kidugala ilipojengwa mwaka 1898, watu waliifuata kwa miguu. Siku hizi bodaboda yatufikisha mlangoni, nasi twaona ni heshima. Mimi nalikuwa wa kwanza katika heshima hiyo.

Mwaka jana kichwa kiliniuma siku nyingi. Nikaenda zahanati, nikapimwa, ikaonekana shinikizo la damu ni 170 kwa 100. Mganga akanipa dawa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa siku watembea kiasi gani?" Nikakosa jibu. Akanieleza shauri la Shirika la Afya Duniani, ya kuwa mtu mzima atembee kwa mwendo wa haraka kidogo dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Maana moyo ni msuli, hupata nguvu kwa kazi. Tena miguu itembeapo huitumia sukari iliyo katika damu.

Niliporudi Kitandililo naliwakuta akina mama wa usharika wamekwisha kuanza. Mwaka 2016 Serikali iliwashauri watu wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi; mama hao wakaona mara moja kwa mwezi haitoshi, wakatoka kila Jumamosi alfajiri. Nalisitasita, nikidhani watu watacheka wakimwona mwalimu akitembea pasipo safari. Mwisho nikaenda. Kanuni yao ilikuwa moja: wa mbele humngoja wa nyuma, wala hapana aachwaye.

Basi kanuni hiyo ndiyo iliyonipata. Nyuma tulibaki wawili, mimi kwa sababu ya pumzi, na mzee mmoja, jirani yangu, kwa sababu ya goti. Naye alikuwa hajasema nami tangu miaka mitatu, kwa ajili ya mpaka wa mashamba yetu ya paini. Jumapili nalihubiri habari ya kusameheana, na Jumatatu nalipita njia nyingine nisikutane naye.

Jumamosi mbili tulitembea kimya. Jumamosi ya tatu kulikuwa na ukungu, na mteremko ulikuwa na utelezi. Mzee akateleza, nikamshika mkono. Akasimama, akaniangalia, akasema, "Kamwene, Mwalimu." Nikaitika, "Kamwene, baba." Tulipokwenda kidogo akasema, "Sisi tunazeeka, na miti inazidi kukua."

Juma lile tukamwita balozi, tukapima kwa kamba. Ikaonekana mistari miwili ya paini zangu imesimama upande wake. Nalikuwa nimekosa mimi, nami miaka yote ile nalijiona mwenye haki. Nikamwomba radhi mbele ya watoto wetu.

Shinikizo langu la damu limepungua, nami nameza dawa bado kama nilivyoagizwa. Lakini naona ugonjwa ule mwingine ulikuwa mbaya zaidi, wala haukuonekana kwa kipimo cha zahanati.

Kwa hiyo nawashauri, walimu na wenye nyumba: anzeni kundi kijijini kwenu. Hapana gharama. Anzeni polepole, robo saa yatosha kwanza. Mwenye maumivu ya kifua amwone mganga kabla ya kuanza. Msiache dawa kwa sababu mmeanza kutembea. Katika barabara kuu ya Makambako, penye malori mengi, shikeni upande wa kulia mpate kuyaona magari yajayo. Tena pitieni mlango wa mjane, na wa mzee aliyebaki peke yake watoto wakiwa mjini, na wa kijana ashindaye penye ulanzi. Msiwahubirie mlangoni, waambieni tu, "Twende."

Wale wanafunzi wawili waliokwenda Emau walikuwa na huzuni nyingi. Lakini walitembea pamoja wakizungumza, naye Bwana akawakaribia njiani. Na atukaribie na sisi. Amina.