Pudini ya tende kwenye mbabula moja ya Majengo

GOMA. Saa kumi za jioni, mbabula ya mama huyu wa mtaa wa Majengo ingali na moto. Maharagwe yameiva tangu saa tisa, yameteremshwa na kufunikwa. Makala yaliyobaki hayazimwi kwa maji, kama wanavyofanya majirani wengi ili wayatumie tena kesho. Leo yana kazi ya pili.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2025, Ramadhani imeanza. Wasikilizaji wa Goma hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa: benki zimefungwa tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, ndege hazitui, mishahara haionekani. Ndani ya nyumba hii ya mbao walilala watu kumi na mmoja. Watano ni wa nyumba. Sita ni familia ya mama mmoja wa Kitchanga, wahami wa vita waliokuwa kambini Bulengo mpaka kambi zilipovunjwa mwezi wa pili. Hawakuwa ndugu. Walijuana kwa sababu mama wa Kitchanga alikuwa akipita Majengo kufua nguo za watu, na siku moja alipita na watoto, magodoro mawili na sufuria moja, bila kujua anaenda wapi.

Mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka kumi na sita, hakuwa pamoja nao. Walipotezana siku za mapigano. Jambo hilo halikusemwa mara nyingi ndani ya nyumba, lakini kila mtu alilijua.

Jirani mmoja wa msikitini alileta paketi ya tende, nusu kilo. Kwa kawaida tende hazina maelezo marefu: adhana ya magharibi inapolia, mfungaji anakula moja ao tatu, anakunywa maji, anasali. Lakini mama wa nyumba alihesabu vichwa. Watu watano wanafunga, sita ni Waprotestanti ambao hawafungi, na watoto wote wanaitazama paketi ileile. Akigawa moja moja, kwa siku nne zimekwisha, tena kwa manunguniko. Ndipo akakumbuka pudini ya bibi yake wa Kasongo.

Kasongo, kule Maniema, ni mji ambao Kiswahili na Uislamu viliingia zamani pamoja na misafara ya Tippu Tip na watu wake, wangwana kama walivyoitwa. Walileta mchele na namna ya kuupika. Walileta pia minyororo, na wazee wa Maniema hawasahau upande mmoja kwa sababu ya mwingine. Tende yenyewe haikuota mizizi huko. Mtende unataka joto kavu, na Maniema ni mvua na misitu. Mchikichi ndio unaotawala. Kwa hiyo tende zilibaki kitu cha kutoka mbali, cha kuhesabiwa, na bibi alikuwa na ujanja wake wa kuzifanya zionekane nyingi: alizichanganya na mkate uliokauka.

Kuna pudini nyingi zinazouzwa Goma, nyingine ni unga na rangi tu. Hii si hiyo. Inaanzia kwenye mkate wa juzi, ule ambao muuzaji anapunguza bei kwa sababu umekuwa mgumu. Ugumu si kasoro hapa. Mkate laini unageuka uji, lakini mkavu unakunywa maziwa na bado unashikamana.

Mama anachukua nusu ya paketi, robo kilo ya tende, anatoa kokwa na kuzikatakata. Anamwagia gilasi moja ya maji yanayochemka pamoja na nusu kijiko kidogo cha bikarbonati. Povu linapanda, maji yanakuwa meusi. Bikarbonati inalainisha ganda la tende mpaka linayeyuka, na pia inatoa ile rangi ya kahawia ambayo watoto wanadhani ni chokoleti. Isizidi. Ikizidi, pudini nzima inakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna sukari itakayoifunika.

Pembeni, mkate wa karibu nusu kilo umekatwa vipande na kulowekwa ndani ya nusu lita ya maziwa. Zamani yangekuwa maziwa ya Masisi. Sasa ni vijiko sita vya maziwa ya unga ndani ya maji yaliyochemshwa. Mayai matatu yanapigwa, vijiko viwili vya mafuta, dalasini kidogo ikiwepo. Sukari ni vijiko viwili tu, tende zinafanya kazi iliyobaki. Vyote vinachanganywa kwa mkono, si kwa mwiko, kwa sababu mkono unasikia bonge ambalo mwiko unaliruka.

Furu ya umeme hakuna. Sufuria kubwa inawekwa juu ya mbabula, ndani yake mchanga mweusi wa volkano uliooshwa na kukaushwa, kimo cha vidole viwili. Sufuria ndogo yenye pudini inakaa juu ya mchanga. Kifuniko kinawekwa, na juu ya kifuniko makala ya moto. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Hilo ndilo wengi wanakosea, halafu wanasema mbabula haiwezi kuoka.

Na siku ya kwanza mama mwenyewe alikosea. Chini iliungua, juu ikabaki mbichi. Watoto walikula hivyohivyo, wakikwangua sehemu nzuri, lakini yeye alikaa kimya, akihesabu kichwani mayai matatu yaliyopotea. Mama wa Kitchanga ndiye aliyesema.

"Yaya, kwetu hatuweke kitu kwa sufuria mutupu. Tunatandika majani ya migomba."

"Ao majani yenyewe itaungua?"

"Itaungua yenyewe. Chakula itabakia."

Kesho yake majani yalitafutwa, yakapitishwa motoni ili yalainike, yakatandikwa chini na pembeni. Makala ya chini yakapunguzwa, mengine yakapandishwa juu. Baada ya karibu saa moja, njiti ya ufagio mpya ilichomekwa katikati ikatoka kavu. Pudini ilipogeuzwa juu ya sinia ilitoka nzima, na alama za mishipa ya jani zilionekana juu yake kama zimechorwa.

Ikakatwa vipande kumi na viwili.

Watoto ndio waliohesabu kwanza. Watu ni kumi na mmoja. Mama wa nyumba alisema tu kwamba kwao Kasongo bibi hakukata chakula kitamu bila kuweka kipande cha yule aliye njiani. Mama wa Kitchanga aliangalia sinia, akainuka, akaenda nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi alikula cha kwake.

Kile cha kumi na mbili kilifunikwa kwa bakuli. Asubuhi kikapewa mtoto mdogo kuliko wote, kwa kuwa chakula hakitupwi. Paketi ilitosha kwa pudini mbili, ile iliyoungua na ile iliyotoka nzima. Majirani wa msikiti walipoleta tende nyingine, pudini ikapikwa tena kwa siku ya Idi, na hesabu ikawa ileile, kumi na viwili.

Baada ya Idi familia ya Kitchanga iliamua kurudi. Wengine waliwashauri wangoje, na ushauri huo haukuwa wa bure. Lakini shamba lilikuwa linangoja mbegu, na mama yule alikuwa na wazo moja: kijana akirudi, atarudi nyumbani, si Majengo ambako hajawahi kufika. Usiku wa kuamkia safari alichukua kipande cha kumi na mbili mwenyewe, akakifunga ndani ya jani.

"Tukikutana njiani, nitamupa. Tukikosana, batoto batakula kwa Sake."

Walikula Sake.

Majuma mawili baadaye alipiga simu kwa simu ya jirani yake. Mabati ya nyumba yameondolewa, kuta zipo. Kuhusu kijana, bado hakuna habari. Kisha akauliza jambo lililomfanya apige: Kitchanga hakuna tende, lakini ndizi zilizoiva zipo, tena nyingi, je, bikarbonati iwe kiasi gani?

"Weka kidogo sana, mudogo wangu," alijibiwa. "Ndizi haina ganda ya kulainisha. Na usisahau moto ya juu."