Sapu, nyani na dungu la baba

Najua nimepotea, nisameheni bure. Niko nyumbani Mnyuzi, na simu huku inashika vizuri ukisogea upande wa stesheni tu.

Nianze na habari mbaya: nimepata sapu. Somo la jenetiki, halafu siyo kwenye yale mahesabu yaliyoliza darasa zima. Nimeanguka swali la maelezo! Eleza spishi mpya za mamalia zinavyotokea, toa mifano ya Afrika Mashariki. Nikamwaga desa lote kama nilivyolikariri: wanyama wa aina moja wanatenganishwa na mlima au mto, kila upande unakusanya mabadiliko yake ya jeni, na baada ya muda mrefu wakikutana hawazai tena. Mfano wangu ukawa farasi mwenye kromosomu 64 na punda mwenye 62. Mtoto wao anapata 63, zinashindwa kupangana mbili mbili wakati wa kutengeneza mbegu, kwa hiyo karibu wote ni tasa. Mwalimu aliandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: "Nyani?" Jamani, nilidhani ananitukana.

Mtihani wa kurudia ni Septemba. Nikifeli nadisko. Baba aliuza mbuzi wawili kuziba pengo la ada ambalo bumu halikufika, na hilo neno kudisko sijamtamkia. Nimemwambia tu kuna mtihani nitarudia.

Sasa shamba letu la mahindi liko chini ya milima ya Usambara Mashariki, na nyani wanashuka humo kila asubuhi kama wana ratiba. Mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa anakosa shule kwa ajili ya kulinda, kwa hiyo nilipofika nikapanda dunguni mimi na madesa yangu. Piga kelele, rusha jiwe, soma kurasa mbili, rusha jiwe.

Jioni moja baba akaniletea muhogo wa kuchoma, akauliza huo mtihani unataka nini hasa. Nikamweleza.

"Kwa hiyo wasipozaana ni aina mbili. Na wakizaana?"

"Ni aina moja, baba."

"Basi wale nyani wa Arusha ni aina moja na hawa wezi wetu?"

Baba alifanya kazi reli. Mnyuzi ndipo reli ya Tanga inapokutana na ile ya kutoka Ruvu iliyofunguliwa 1963, na yeye kasafiri nayo sana. Wa huku wana rangi ya njano na miguu mirefu, wa Arusha weusi-weusi na wana vifua. "Na njiani huko kuna wengine huwezi kujua wa wapi," akasema. Sikuwa na jibu. Ndiyo nikaelewa ule wino mwekundu.

Maana kule Amboseli, Kenya, watafiti wanafuatilia nyani tangu 1971. Nyani wa njano pale wanazaa na wale wa kwao Arusha, na machotara wanazaa vizuri kabisa. Aina zote mbili zina kromosomu 42, hakuna habari ya nyumbu tasa. Mwaka 2022 ukatoka uchambuzi wa nyani 442 wa pale: wote wana mchanganyiko. Lakini (hapa ndipo nilipokosea) karibu na sehemu muhimu za jeni, vipande vilivyotoka kwa wageni vimepungua, yaani uteuzi wa asili unavichuja kizazi hadi kizazi. Wanaozaana wanaweza kubaki aina mbili, kwa sababu mpaka uko ndani ya jeni zenyewe na unavuja.

Aliyenimaliza kabisa ni kipunji. Tumbili huyu wa Nyanda za Juu Kusini na Udzungwa alitangazwa 2005. Mwanzoni akawekwa kundi jingine, kisha vinasaba vikaonyesha ni jirani wa nyani, na 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Baadaye ikaonekana wa Rungwe wana mitokondria za nyani wa njano! Mitokondria tunarithi kwa mama tu. Kwa hiyo zamani nyani jike alizaa na kipunji dume, binti yao akazaa na kipunji, na mjukuu hivyo hivyo. Kila kizazi jeni za nyani kwenye kiini zinapungua nusu, baada ya vizazi kumi inabaki kama sehemu 1 kati ya 1,024, lakini mitokondria ya yule bibi inapita nzima. Kipunji wa Ndundulu, Udzungwa, kama kilomita 350 kutoka Rungwe, hawana. Huko msitu uliwafungia, kwa hiyo desa langu halikuwa uongo wote.

Nikamwambia baba kwamba kipunji aliyepimwa vinasaba hivyo vya 2006 alinaswa na mtego wa mkulima, kwenye mahindi, Rungwe, 2005. Nilitaka afurahi. Akatafuna muhogo wake.

"Na yule mkulima, mahindi yake alirudishiwa na nani?"

Nikageukia madesa. Kesho yake nikakuta kategesha waya kule mwisho wa shamba, na mimi wala sikuutegua.

Jumatatu napanda basi kurudi chuo, niombeeni. Mahindi bado wiki mbili yakauke. Dogo ameshaniuliza lile koti la mvua nitamwachia au naondoka nalo.