Msimu wa Mazembe na saini yako

Butembo, Jumapili jioni

Mwanangu Kakule,

Salamu zako Muhindo alizifikisha, na ile karatasi uliyoipiga picha nimeiona kwenye simu. Baba yako anataka nikupigie tumalize maneno. Sipigi. Kwenye simu wewe ni "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi," huku mkono mwingine unafunga kamba za viatu ukimbilie uwanjani. Barua itakungoja mpaka utulie.

Nianze na utani wako, maana umenichokoza. Umeandika kwamba sisi watu wazima tunauringia msimu wa 2010 wa Mazembe ya Lubumbashi kana kwamba walileta Kombe la Dunia Kongo, kumbe Inter Milan iliwachapa tatu bila kwenye fainali ya klabu. Ni kweli, waliwachapa. Pandev dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, na yule Biabiany akamalizia dakika ya 85 wakati watu wengine kwenye sine yangu walishaanza kutoka. Lakini wewe umeutazama msimu huo kwenye video ya dakika tatu, nayo imeanzia mwishoni. Mwaka ule ulikuwa hujaanza kutembea. Ngoja nikusimulie msimu huo ulikotoka.

Mwaka 2009 Mazembe walikuwa wametwaa kombe la mabingwa wa Afrika baada ya miaka 41. Mara ya mwisho ilikuwa 1968, babu yako akiwa kijana. Kombe lenyewe walilipata kwa shida: Heartland ya Nigeria iliwafunga 2-1 kwao, kisha Lubumbashi wakashinda 1-0, bao la ugenini likawabeba. Wakaenda Abu Dhabi kwenye kombe la klabu za dunia, na huko wakaumbuka. Walitangulia kuwafunga Pohang wa Korea, wakapoteza 2-1. Wakafungwa tena 3-2 na Auckland City ya New Zealand, timu ya watu wenye kazi zao nyingine mchana. Hapa Butembo tulichekwa mwezi mzima na mashabiki wa Vita Club, ambao wakati huo walikuwa hawana lao la kujivunia.

Sasa sikia lililofuata. Timu ile ilikuwa na Trésor Mputu, nahodha, ambaye CAF ilimtangaza mchezaji bora wa 2009 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Mpira ulikuwa ukipita kwake kama watu wote wa Butembo wanavyopita barabara ile moja ya katikati ya mji. Mei 2010, kwenye kombe la Kagame kule Kigali, Mputu akamvamia mwamuzi. Agosti FIFA ikamfungia mwaka mzima, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11. Mashindano ya Afrika yalikuwa katikati. Juu ya hayo kocha Diego Garzitto akaondoka, akaingia Lamine N'Diaye wa Senegal. Hakuna nyota, kocha mgeni, na aibu ya mwaka uliopita haijakauka. Ungekuwa wewe na wenzako mngesema msimu umekwisha, tusubiri mwingine.

Wao wakagawana kazi. Mabao yaliyokuwa ya mtu mmoja yakawa ya Kaluyituka, ya Kabangu, ya Bedi, ya Singuluma yule Mzambia. Unahodha akachukua Mihayo Kazembe, mtu wa katikati asiyependa kuonekana. Kwenye kundi walimaliza nyuma ya Esperance ya Tunis, na hilo halikumfurahisha mtu. Nusu fainali wakakutana na JS Kabylie ya Algeria: 3-1 Lubumbashi, kisha wakaenda kukaa nyuma kule kwao na kurudi na 0-0. Fainali, Esperance hao hao. Tarehe 31 Oktoba, Lubumbashi, 5-0. Watunisia walipewa kadi nyekundu na wakamlalamikia sana mwamuzi, nami sitakuficha kwamba walikuwa na la kusema. Lakini tano ni tano. Marudiano 1-1, kombe likabaki Kongo.

Utaniuliza Lubumbashi inatuhusu nini sisi Wanande. Hakuna gari linalotoka hapa kwenda huko, Kampala iko karibu mara nyingi zaidi. Mimi najua jibu langu: wachezaji wakihojiwa walikuwa wanajibu kwa Kiswahili, cha kwao chenye madoido, lakini Kiswahili. Timu za Kinshasa zikishinda, furaha hutufikia kwa Kilingala na imeshapoa. Na mwaka ule tulikuwa na haja ya furaha. Katikati ya 2010 jeshi lilikuwa limeanza operesheni upande wa Ruwenzori, watu walikuwa wamekimbia mashamba yao, na mama yako alikuwa amepokea familia nzima pale kwenu Beni. Hatukujua kwamba miaka ya kulia kweli kweli ilikuwa bado mbele, kuanzia 2014.

Nilikuwa na sine yangu wakati huo, ile ya mabati karibu na soko, kabla sijaingia biashara ya vitenge. Mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa iliyotoka Dubai, dishi juu ya paa, na jenereta ndogo nyuma ya ukuta. Umeme wa mji haukuwepo, kila mtu alijitegemea. Kiingilio franga 200, watoto nusu, wajawazito bure kwa sababu walikuwa wakizimia wakibanwa mlangoni. Unacheka, lakini walikuwa wanakuja.

Mechi ya kwanza ya kombe la klabu za dunia, tarehe 10 Desemba, Pachuca ya Mexico. Bedi akafunga mapema, ikaisha 1-0. Watu wakasema ni bahati. Siku nne baadaye ikaja Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini, waliokuwa wamewahi kuchukua kombe hilo hilo mwaka 2006. Hiyo ndiyo mechi, Kakule. Ukitaka kutazama moja tu ya msimu ule, tafuta hiyo, tena nzima.

Wabrazili walishambulia kipindi chote cha kwanza. D'Alessandro alikuwa anapokea mpira anavyotaka, na kila mara Kidiaba yuko pale. Robert Kidiaba alikuwa na miaka 34, nywele amezisuka, mwili mfupi kwa golikipa wa kiwango hicho. Aliokoa kwa mikono, kwa miguu, na mara moja sijui kwa nini. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hata sauti ya mtangazaji haisikiki, kwa hiyo tulitazama mpira kama bubu, tukisomana nyuso. Mapumziko, 0-0. Jenereta yangu haikuwa na tangi la kufikisha mechi mpaka mwisho. Ilibidi izimwe, ipoe kidogo, imiminwe petroli, iwashwe, halafu dekoda itafute tena picha. Kijana wangu wa jenereta alimimina mafuta kwa tochi mdomoni, mikono inamtetemeka, watu wanamtukana yeye, mama yake, na mimi mwenye sine. Picha ikarudi kipindi cha pili kimeshaanza. Mabenchi yalikuwa bado hayajatulia Patou Kabangu alipoutuliza mpira ndani ya eneo na kuupeleka wavuni, dakika ya 53.

Sijawahi kusikia kelele kama ile tena, na nimesikia kelele nyingi katika mji huu. Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85, akimzungusha beki upande wa kushoto. Halafu Kidiaba akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kurukaruka kwa makalio kutoka golini, mikono mbele, kama alivyozoea kila timu yake ikifunga. Kesho yake watoto wa mtaa mzima walikuwa wanafanya hivyo kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua. Mama mmoja alinijia na suruali ya mwanawe mkononi akitaka nilipe sabuni, kwa kuwa mambo hayo mtoto aliyajifunza kwangu. Nilimpa sabuni.

Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ya kombe lile. Inter ya Zanetti, Milito na Eto'o ilikuwa imechukua mataji matatu makubwa mwezi Mei, kwa hiyo tarehe 18 hakuna aliyekuja na matumaini makubwa. Walikuja kwa heshima. Mechi yenyewe sina mengi ya kukuambia. Baada ya dakika 17 ilikuwa imekwisha. Kilichonibakia ni kwamba Kaluyituka alipewa mpira wa fedha, wa pili kwa ubora nyuma ya Eto'o, na kwamba nilipotazama majina ya walioanza sikumwona Mputu wala mtu yeyote akimtaja. Miezi minne tu nyuma tulikuwa tunasema bila yeye hakuna timu. Ndiyo sababu naupenda msimu ule zaidi ya 2009, ambapo tulikuwa naye, na zaidi ya 2015, walipochukua tena kombe la Afrika kwa raha kuliko mara zote. Katika ule wa 2010 niliona watu wa kawaida wakiongezeka kimo kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya kazi yao.

Hapo wengi huishia. Mimi naendelea, maana mambo ya karatasi yako yanaanzia hapo.

Mwaka uliofuata, 2011, Mazembe waliingia tena mashindano kama mabingwa. Wakapangiwa Simba ya Dar es Salaam. Wakawafunga 3-1 Lubumbashi, wakaenda Dar wakawafunga 3-2 mbele ya watu wao. Uwanjani hapakuwa na mjadala. Simba wakaacha uwanja, wakafungua faili. Mazembe walikuwa wamemchezesha Janvier Besala Bokungu, beki aliyetoka Esperance, na Simba wakadai hakuwa na haki ya kuichezea Mazembe. CAF ikakubali. Mei 2011 mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, waliocheza fainali ya dunia miezi mitano kabla, wakaondolewa. Simba wakapelekwa Cairo kugombea nafasi ile na Wydad ya Casablanca, wakafungwa 3-0, na Wydad wakafika mpaka fainali, wakafungwa na nani? Esperance. Ukitaka kucheka, cheka. Sisi hatukucheka.

Sasa fungua ile picha uliyonitumia. Juu kuna jina la timu ya huko Beni, chini kuna saini yako, na tarehe ni ya mwezi uliopita. Leseni yako ya hapa Butembo, niliyokulipia picha za pasipoti na nauli ya kuifuata, muda wake haujaisha. Timu ya hapa imekuachia kwa karatasi? Kwa mdomo haihesabiki. Huyo bwana aliyekuletea kalamu uwanjani baada ya mazoezi, akakuambia "hii ni ya kawaida tu," alikuambia pia nani atafungiwa likigunduliwa? Bokungu alikuwa na klabu tajiri nyuma yake, yenye wanasheria na rais anayeitwa Moïse Katumbi, na bado haikupona. Wewe nyuma yako uko na mimi na duka la vitenge.

Sikukatazi kucheza Beni. Mama yako yuko huko, shule iko huko, na kusafiri barabara ya Maboya kila wiki kwa ajili ya mazoezi ni jambo ambalo sitaki kulifikiria, kwa hali tunayoijua. Wakikutaka ni kwa sababu mguu wako wa kushoto unafaa. Hilo nililiona kabla yao. Ila uende wazi. Kuhusu hilo sina mjadala, na baba yako nimeshamwambia.

Kwa hiyo fanya hivi. Usicheze mechi yoyote ya mashindano huko mpaka nikuambie, mazoezi endelea. Muombe yule bwana nakala ya karatasi uliyosaini. Akikunyima, nitumie jina lake kwa ujumbe, nitamtafuta mwenyewe kwa adabu. Jumatano nitakwenda kwa katibu wa timu ya hapa, ni mtu wa kanisani kwetu, tunajuana, nimuombe barua ya kukuachia yenye muhuri. Atataka kitu cha soda, hiyo niachie mimi. Barua ikipatikana tutaipitisha kwenye chama cha mpira cha hapa (antanti) na cha huko, ndipo utasaini upya, ukiwa na baba yako pembeni, kwa kuwa bado ni mtoto hata kama ndevu zimeanza.

Muhindo anashuka Beni Ijumaa na mzigo wangu. Mpe leseni yako aniletee, aitie kwenye mfuko wa plastiki, mvua zimeanza. Atabeba pia chikwangue na samaki wa Vitshumbi wa mama yako. Usifungue njiani, nakujua. Na mwambie mama yako ile mechi ya Internacional ninayo kwenye flashi, mkipata umeme jioni muitazame wote, asilale kabla ya dakika ya 53.

Shangazi yako,
Kavira